UZI: Mamba, mbuni, taa, sangara. Tuelekezane kuchagua mikanda, waleti na kamba za saa za ngozi za rangi

#1 KingoSafi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Maswali ya mikanda ya mamba na waleti za mbuni yametapakaa kwenye nyuzi nyingine, na kila moja limejibiwa nusu. Tuyakusanye hapa. Tujikite kwenye vitu vya kiume: mkanda, waleti, kishika kadi, kamba ya saa, makubadhi na viatu. Mikoba ya akina mama ina uzi wake.

Muuzaji huanza na jina la mnyama. Mnunuzi aanze na mahali kitu kinapoumia. Mkanda unapinda kwenye tundu lilelile kila siku, na huku unavutwa. Waleti inakaliwa. Kamba ya saa inakunywa jasho mchana kutwa. Kiatu kinakunjika pale vidole vinapoanzia. Ukishalijua hilo, wanyama wengine wanajiondoa wenyewe kwenye orodha.

Mbuni ni laini, anakunjika bila kupasuka, anafaa karibu kila kitu. Ubaya wake ananyonya mafuta ya mikono, kwa hiyo rangi nyepesi hufanya weusi pale unaposhika. Mamba, ngozi yake ya tumbo, anafaa mkanda, waleti na kamba ya saa, ila akiwa amengʼarishwa hapatani na maji. Kaimani, jamaa wa mamba wa Amerika Kusini, ana mifupa ndani ya magamba ya tumbo. Hapindi, anapasuka kwenye mifereji, na ndiye mara nyingi anayeuzwa kwa jina la mamba. Chatu anavutia macho, lakini magamba yake huinuka ukimsugua kinyume. Mpe kishika kadi au pambo la kiatu, usimpe mkanda wa kila siku. Taa, huyu wa baharini, ana punje ngumu juu ambazo funguo na sarafu hazizichubui, ila hataki mkunjo mkali. Kenge ni mwembamba, wa kamba za saa na waleti bapa.

Sangara nawaachia watu wa Mwanza na Kisumu, najua mmo humu.

#2 Mzalendo_wa_Kanzu

Nimeweka kambi. Leteni madini.

#3 Dereva_Msomi

Mkuu KingoSafi, kabla hatujafika mbali: mtu ameshika mkanda dukani, umeandikwa mamba, bitana imefunika nyuma yote. Atajuaje kama ni mamba au ni ngozi ya ngʼombe iliyopigwa chapa ya magamba? Wengi wanapigwa hapo.

#4 Fundi_Msasa

Ndugu Dereva, achana na kuchoma kwa kiberiti. Ngʼombe naye ni ngozi, ataungua na kunuka nywele vilevile. Kiberiti kitakutenganishia ngozi na plastiki tu, basi, na umeshaharibu mali ya mtu.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Tafuta gamba lenye umbo la ajabu kidogo, tuseme lenye kona iliyokatika. Kisha pitisha macho mkanda wote ukimtafuta pacha wake. Chapa inapigwa kwa bamba au kwa rola, na mchoro hujirudia. Ukikuta gamba lilelile na majirani zake walewale sentimita thelathini mbele, umemaliza kazi.

Kunja mkanda taratibu, uso ukiwa nje, halafu angalia mifereji kati ya magamba. Kwa mamba halisi gamba ni gumu na mfereji ni laini, kwa hiyo mkunjo unakimbilia kwenye mifereji na magamba yanabaki bapa. Kwa chapa, ngozi ina ugumu uleule kila mahali: gamba lenyewe linapinda katikati, na ukivuta mfereji unafifia.

Halafu angalia mpangilio wa magamba. Tumbo la mamba lina magamba ya mraba, na kadiri unavyoelekea ubavuni yanakuwa madogo ya duara. Mkanda uliokatwa kwa urefu utaanza na umbo moja na kumalizia na jingine, au angalau ukubwa utabadilika. Miraba inayofanana mwanzo hadi mwisho kama vigae vya bafuni, weka chini uende.

Mwisho ni nukta. Kila gamba la tumbo la mamba lina nukta ndogo kama alama ya ncha ya sindano, karibu na ukingo wa gamba. Aligeta wa Marekani, jamaa mwingine wa mamba, hana nukta hiyo kwenye tumbo, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuwatenganisha. Aligeta naye ana kovu la kitovu, lenye mistari kama utando wa buibui, na mafundi hupenda kuliweka mahali paonekane. Kaimani ana vishimo vingi vilivyotawanyika juu ya gamba, uso wake unaonekana kama umedonolewa. Ukimpaka rangi, vishimo vile hunywa rangi zaidi, ndiyo maana kaimani mwekundu ana madoa meusimeusi hata akiwa mpya.

Wachapaji siku hizi wanaweka hata nukta. Kwa hiyo usiamini dalili moja peke yake.

#5 Dereva_Msomi

Madini haya. Na mbuni? Vile vinundu nimeona vinaigwa sana.

#6 Fundi_Msasa

Kinundu cha mbuni ni mahali unyoya ulipong'olewa. Kina tundu dogo juu yake, na ukikisukuma kwa kidole kinatikisika. Cha chapa ni kigumu, hakina tundu, na kimepangwa kwa mistari. Kwenye ngozi nzima vinundu vipo sehemu ya mgongo tu, vimejikusanya kwa umbo la kishada kinachorushwa hewani. Pembeni ngozi ni tambarare kabisa. Kwa hiyo mkanda uliojaa vinundu vikubwa mwanzo hadi mwisho ni ghali, na mkanda ambao vinundu vinapungua kuelekea ncha si bandia, umekatwa kwenye ukingo wa eneo hilo. Omba upunguziwe bei.

Kuna pia ngozi ya mguu wa mbuni. Ni nyembamba, ina mstari wa magamba makubwa katikati kama ngazi. Wengi hudhani ni mjusi. Kwa kamba ya saa naipendekeza kuliko mamba: inavumilia, na bei yake ni ndogo kwa sababu haina matumizi mengine mengi.

Taa: katikati ya mgongo ana jicho, kundi la punje nyeupe kubwa kuliko nyingine. Kila ngozi ina moja tu. Punje hupungua ukubwa polepole kadiri unavyotoka kwenye jicho. Bandia ana punje sawasawa kila mahali, na jicho limebandikwa kwa gundi.

#7 Rangi_ya_Ugoro

Naomba nichukue upande wa rangi, maana kichwa cha uzi kinasema rangi na bado hatujaigusa.

Rangi ya ngozi inategemea kwanza namna ngozi ilivyodabighiwa, yaani ilivyotiwa dawa isioze. Iliyodabighiwa kwa magome (kwetu hapa ni miwati, ile ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya) ina msingi wa kahawia. Kila rangi utakayoweka inapita juu ya kahawia hiyo. Inatoa asali, ugoro, damu ya mzee na kijani kizito vizuri sana, na inazidi kuiva kwa jua na matumizi. Haitoi waridi wala samawati safi. Iliyodabighiwa kwa kromu, yaani chumvi za madini, ina msingi wa kijivu chenye ubluu, inashika rangi kali na haibadiliki haraka. Mtu anayetaka mkanda wa bluu ya mchana atafute kromu. Anayetaka mkanda wa asali utakaogeuka kahawia iliyoiva baada ya mwaka atafute wa magome.

Utajuaje? Chungulia ndani ya tundu la mkanda. Pale fundi hawezi kuficha kitu. Ukiona kahawia, ni magome. Ukiona kijivu au ubluu, ni kromu. Ukiona rangi ileile ya juu imeshuka mpaka katikati, rangi imepenya, na mkwaruzo hautaonekana kirahisi. Ukiona utando mwembamba wa rangi juu na weupe chini, hiyo ni rangi ya kufunika. Itabanduka kwenye tundu unalotumia, na mkanda mwekundu wenye mdomo mweupe unatia aibu.

Jaribio la pili: kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe kidogo na ukikamue. Sugua mahali pasipoonekana mara ishirini kwa kidole kimoja. Alama hafifu kwenye damu ya mzee au nyekundu ni ya kawaida, hasa kama rangi imepenya bila utando wa juu. Kitambaa kikitoka kimekolea, huo mkanda utahamia kwenye shati na kanzu siku ya kwanza utakapotoka jasho. Muuzaji akikukatalia jaribio hili, amekwisha kukujibu.

Nyekundu, zambarau na bluu hupauka haraka kwa jua kuliko kahawia. Kishika kadi kinachokaa juu ya dashibodi ya gari hakitamaliza kiangazi na rangi yake.

Sasa kuvaa. Sheria yangu ni fupi: ngozi ya ajabu moja tu ionekane kwa wakati mmoja, na rangi kali iende kwenye kitu kidogo. Kishika kadi cha kijani cha limau hakimsumbui mtu. Mkanda wa rangi hiyo unamkata mvaaji vipande viwili, na mfupi ataonekana mfupi zaidi. Kwenye mkanda kaa na damu ya mzee, kijani cha chupa, bluu nzito, asali na ugoro. Damu ya mzee ndiyo ya kwanza kununua kwa sababu inakubali suti ya kijivu, bluu, na hata kaki.

#8 Bwana_Harusi_Mtarajiwa

Kaka Rangi, suti ya bluu nzito, viatu vya rangi ya asali vya ndama wa kawaida. Mkanda wa mamba upi? Na saa ina kamba nyeusi.

#9 Rangi_ya_Ugoro

Mkanda wa asali uliokolea kidogo kuliko kiatu, usiong'arishwa sana. Usitafute rangi ileile hasa, maana mamba hunywa rangi tofauti na ndama: magamba hutoka mepesi na mifereji mizito. Ukilazimisha zifanane, taa za ukumbini zitakusuta. Familia moja inatosha. Bizimu lifuate chuma cha saa, fedha kwa fedha, dhahabu kwa dhahabu. Kamba ya saa badilisha iwe kahawia. Nyeusi ndiyo itakayoharibu mpango wote. Kubadilisha ni pini mbili na dakika tano.

#10 Mzalendo_wa_Kanzu

Na sisi wa kanzu nyeupe? Mkanda hauonekani. Inabaki makubadhi, saa na waleti. Nyongeza swali: ngozi hizi kidini zikoje? Nisije nikaswali na kitu mfukoni kikanisumbua roho.

#11 Ustaadh_wa_Soko

Shekhe, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, ngozi ikidabighiwa hutoharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kwa undani muulize mwalimu wako, wengine wana kauli zao kuhusu wanyama wasioliwa. Asiyetaka mjadala achukue mbuni aliyechinjwa, au taa na sangara ambao ni samaki.

Ila kuna mahali ambapo watu hawaangalii: bitana. Viatu na waleti nyingi za kutoka nje juu ni ndama au mamba, ndani ni nguruwe, kwa sababu ni rahisi na inapitisha hewa. Itazame kwenye mwanga wa pembeni. Vitundu vya vinyweleo vya nguruwe vimekaa vitatu vitatu, kama pembetatu. Vya ngʼombe na mbuzi havikai hivyo. Mbuzi vimepangwa kwa mistari mifupi. Kwa fundi wa makubadhi unaweza kuagiza bitana ya mbuzi tangu mwanzo, na mguu utakushukuru kwa joto la huku.

#12 Rangi_ya_Ugoro

Nikamilishie na rangi za kanzu. Nyeupe inabeba kila kitu, ila makubadhi ya rangi iliyopenya bila utando huchafua pindo la kanzu, na pindo hilo halitoki. Kwa hiyo kwenye makubadhi tumia rangi iliyofungwa kwa utando, ugoro au nyeusi, halafu peleka ujasiri wako kwenye kamba ya saa: kijani cha chupa au damu ya mzee. Kwa mashati ya kitenge, chagua rangi nzito iliyomo kwenye kitenge chenyewe, usichukue ile inayong'aa zaidi.

#13 Mtu_wa_Igombe

Mmenitaja, nimekuja. Sangara.

Viwanda vya minofu huku Mwanza, na vya Kisumu vilevile, vinatoa ngozi kama mabaki. Hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya ngozi, na hakuna kibali cha wanyamapori cha kuhangaikia. Magamba yenyewe hutolewa. Kinachobaki ni vile vifuko vilivyokuwa vikiyashikilia, na ndivyo vinavyotoa mchoro. Vikiachwa wazi mkono unahisi ukali kidogo ukipapasa kinyume. Vikilazwa kwa mashine uso unakuwa laini na unang'aa. Kwa waleti chagua vilivyolazwa, vilivyo wazi hukusanya vumbi na nyuzi za mfuko.

Ni ngozi nyembamba lakini ngumu kuichana, kwa sababu nyuzi zake zimepishana kama mkeka badala ya kulala upande mmoja. Kasoro zake ni mbili. Vipande ni vidogo, kwa hiyo mkanda lazima uungwe na lazima uwe na ngʼombe chini. Na samaki ana mafuta mengi: kama hayakutolewa vizuri kabla ya kudabighi, rangi inashika madoamadoa na ngozi hunuka ikipata unyevu. Kabla ya kulipa, pumua juu yake kwa pumzi ya moto kutoka kooni kisha nusa hapohapo. Sangara aliyetengenezwa vizuri ananuka ngozi tu. Ukisikia mwalo wa samaki, mrudishie mwenyewe.

Usimweke juani wala karibu na pasi. Ngozi ya samaki hujikunyata kwa joto dogo kuliko ya ngʼombe, na ikishajikunyata hairudi.

#14 Nyara_Hapana

Wakuu, mnaongea vizuri lakini hamjagusa pingu.

Mamba, chatu na kenge wote wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mamba wa Nile kwa nchi kama Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini yuko Kiambatisho II, maana yake biashara inaruhusiwa kwa vibali. Kwa nchi zisizotajwa yuko Kiambatisho I, biashara ya kawaida hakuna. Mbuni wa kufugwa wa Afrika Kusini, wale wa Oudtshoorn, hayumo.

Nyumbani, Tanzania kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya kuna ya 2013. Ngozi mbichi au iliyokaushwa ya mamba au chatu inayouzwa kienyeji kando ya barabara bila karatasi ni nyara ya Serikali. Ukikutwa nayo, maelezo ya kwamba ulitaka kushona waleti hayasaidii. Usinunue, hata kwa bei ya nyanya. Tembo hata tusimzungumzie.

Anayenunua ngozi nzima ya mamba kutoka shambani aangalie kifunge cha plastiki kwenye mkia. Kinavuka mipaka kikiwa kimefungwa na hakifunguki bila kuvunjwa. Kina herufi mbili za nchi, namba, mwaka, na herufi NIL kwa mamba wa Nile. Ngozi ikishakatwa kifunge hakibaki, kwa hiyo kwenye mkanda uliokamilika omba risiti yenye jina la mnyama na nchi alikotoka. Hifadhi picha yake kwenye simu.

Kwa mlioko Ulaya, Uarabuni na Marekani mnaopita viwanja vya ndege: mwongozo wa CITES unamruhusu msafiri kubeba hadi vitu vinne vya mamba vya matumizi binafsi bila kibali. Masharti ni mawili. Viwe mwilini au kwenye mizigo yako, maana kifurushi cha posta hakihesabiwi. Na nchi unazotoka na kuingia ziwe zinautumia msamaha huo, kwa sababu nyingine hudai kibali hata kwa kimoja. Uliza kabla ya safari. Kwa chatu usibahatishe kabisa.

#15 Dereva_Msomi

Asante kwa hilo. Sasa tuseme mtu ana kipande halali cha mamba na anataka fundi amshonee mkanda. Aandike nini kwenye oda ili fundi asimwambie "niachie, najua"?

#16 Fundi_Msasa

Andika hivi, na umpe kwenye karatasi.

Urefu: chukua mkanda unaokukaa vizuri, pima kutoka pale ngozi inapokunjwa kwenye bizimu mpaka tundu unalotumia. Bizimu lenyewe usilihesabu. Kipimo hicho ndicho tundu la katikati. Matundu matano, kila moja milimita 25 kutoka mwenzake, na kutoka tundu la katikati mpaka ncha kiasi cha milimita 115. Usimpe fundi namba ya suruali, namba za suruali zinadanganya.

Upana: milimita 30 hadi 32 kwa suti, 35 kwa suruali ya kitambaa na kwa jinzi kidogo, 38 hadi 40 kwa jinzi tu. Pima vitanzi vya suruali zako kwanza. Bizimu liwe la upana uleule, upande wa ndani.

Unene wote uliokamilika uwe milimita 3.5 hadi 4. Mamba apunguzwe mpaka kama milimita 1, chini yake ngʼombe wa magome wa milimita 2 hadi 2.5, na bitana chini ya milimita 1. Wengi wanakosea kwa kuweka kadibodi au mpira katikati ili mkanda ujae. Mkanda unapendeza mwezi mmoja, halafu kadibodi inavunjika kwenye tundu na mamba anapasuka juu yake. Ngʼombe wa magome ndiye anayebeba mzigo wa kuvutwa. Mamba ni uso tu.

Viungo: ngozi ndefu ni ghali, kwa hiyo mikanda mingi ina kiungo. Si kosa. Kosa ni kilipowekwa. Kikae ubavuni, kisiwe kwenye matundu wala pale mkanda unapokunjwa kwenye bizimu. Kikatwe mshazari, kingo zote mbili zipunguzwe kwa kisu, zilaliane milimita 10 hadi 12, na kukatwa kufuate mfereji wa gamba. Fundi mzuri atakuficha kiungo mpaka ukitafute.

Gundi ipakwe pande zote mbili, iachwe mpaka isishike kidole, dakika kumi hadi kumi na tano kwa joto la kawaida, kisha igongwe. Akibandika ikiwa mbichi, hewa ya gundi inabaki ndani na baada ya wiki unaona mapovu kati ya magamba.

Mshono: milimita 3 kutoka ukingoni, hatua ya milimita 3, uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa jasho. Hatua fupi kuliko hapo inatoboa ngozi kama stempu na inachanika. Ukingo upigwe msasa namba 400 kisha 600, upakwe rangi tabaka jembamba mara tatu, ikikauka kila mara kabla ya nyingine. Tabaka moja nene hubanduka kama ngozi ya nyoka.

Kwa taa ni hadithi nyingine. Punje zile huvunja sindano. Lazima kwanza azisage kwenye njia ya mshono, upana wa milimita 4 au 5 hivi, mpaka abaki na ngozi tupu, ndipo ashone. Fundi akikuambia mashine yake ni kubwa haina shida, mchukue taa wako uondoke.

#17 Saa_Sita_Mchana

Ongeza kidogo kwa kamba ya saa. Pima kati ya masikio ya saa, yale yanayoshika kamba, kwa milimita, mara nyingi ni 18, 20 au 22. Kamba ya kawaida ni milimita 115 upande wa matundu na 75 upande wa bizimu. Mkono mwembamba aombe fupi. Juu iwe mamba, mguu wa mbuni, kenge au sangara, lakini chini iwe ngozi isiyonywa maji sana, na isipakwe rangi kali. Kifundo cha mkono kikigeuka kijani, huenda ni rangi ya bitana. Magamba makubwa yakae karibu na saa, madogo yaelekee ncha. Kwa mbuni wa vinundu, hakikisha tundu halijaangukia kinundu, pini itakuwa inapanda mlima. Na usiivae siku mbili mfululizo kwenye msimu wa joto. Chumvi ya jasho ikikauka ndani inakatakata ngozi.

#18 Pepo_za_Kusi

Matunzo, nikiwa Mombasa ambako ukungu hauombi ruhusa.

Mamba aliyeng'arishwa ule mng'ao ni wa kusuguliwa kwa jiwe kiwandani. Tone la maji likikaa linaacha duara. Likikuangukia, kausha hapohapo kwa kugusa, usisugue, na usikaushe kwa feni ya nywele. Asetoni na spiriti usiviweke karibu, mng'ao ukiondoka haurudi kwa brashi. Dawa ya viatu ya nta nayo hapana: inajaa kwenye mifereji, inakauka, inakuwa nyeupe. Tumia krimu isiyo na rangi, kiasi cha punje ya choroko kwa mkanda mzima, mara mbili au tatu kwa mwaka. Mifereji iguse kidogo tu.

Chatu apanguswe kuelekea mkia, kamwe usipanguse kuelekea kichwa. Taa apewe kitambaa kibichi na basi.

Kuhifadhi: mkanda uning'inizwe kwa bizimu, usiukunje. Mfuko wa kitambaa, si nailoni. Vifuko vya silika viwili vitatu kwenye droo, ubadilishe vikishalowa. Ukungu ukishika, toa kitu nje kivulini, brashi laini kavu kwanza ili mbegu zisisambae ndani ya nyumba, kisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo sana, kausha siku nzima penye hewa, ndipo krimu. Ukianza na krimu unaulisha ukungu.

#19 Bwana_Harusi_Mtarajiwa

La mwisho toka kwangu. Waleti ya mbuni rangi ya maziwa, imeingia bluu ya jinzi mgongoni. Inatoka?

#20 Fundi_Msasa

Ikiwa rangi ni ya utando na doa ni jipya, kitambaa kibichi chenye sabuni laini, futa kwa kugusagusa, linaweza kutoka karibu lote. Ikiwa ni rangi iliyopenya, bluu imeshaingia kwenye vinundu na haitoki. Ukisugua kwa nguvu vinundu vitakwanguka na utakuwa na doa jeupe juu ya doa la bluu.

Ngozi haikubali kupaushwa, inakubali kukolezwa. Mpelekee fundi aipake ugoro au kijani cha chupa yote kwa pamoja, ndani na kingo. Ajaribu kwanza kwenye kona ya ndani ya mfuko wa kadi, aache ikauke usiku mzima, asugue kwa kitambaa cheupe, na isipochuja ndipo aendelee. Ya rangi ya maziwa ukiitaka tena, iweke mfuko wa koti.